Kawia Ufike: Mwongozo Kamili wa Kuandika Kitabu cha Safari Ulichokiahirisha kwa Miaka

Kila mwenye safari ya zamani moyoni anaijua sentensi hii: "Ipo siku nitaiandika." Unaisema mwaka ule uliorudi, daftari likiwa bado na vumbi la njiani. Unaisema tena mwaka wa tano, mtu anapokuuliza kile kitabu kimefikia wapi. Mwaka wa kumi watu wameacha kuuliza, na wewe unaisema peke yako.

Mimi niliisema kwa miaka 14. Safari yangu ilichukua wiki sita, nchi nne, kwa mabasi, treni na meli ya ziwani, nikiwa na rafiki mmoja. Nilirudi na madaftari matatu. Sura ya kwanza niliiandika mara saba, na mara zote saba ilikwama kituoni, basi likiwa bado halijaondoka.

Siku hizi naamini vitabu vya namna hii havikwamishwi na uvivu. Vinakwama kwa sababu tunataka kuiandika safari nzima, kwa mpangilio uleule ilivyotokea, kwa macho ya yule mtu tuliyekuwa wakati ule. Yule mtu hayupo tena. Uliyepo ni wewe wa leo, na miaka iliyo kati yenu ni mali ambayo mwandishi aliyeandika wiki moja baada ya kurudi hakuwa nayo. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya wazo hilo: kuchelewa kwako kutakuwa sehemu ya kitabu, wala hutakuwa na haja ya kuomba radhi kwa ajili yake.

Na hauko peke yako. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, aliondoka Tangier mwaka 1325 akiwa kijana wa miaka 21. Simulizi ya safari zake ilikamilika 1355, miaka 30 baadaye, tena hakushika kalamu mwenyewe: alisimulia, na mwandishi aitwaye Ibn Juzayy akaandika. Mwandishi Mwingereza Patrick Leigh Fermor alianza kuivuka Ulaya kwa miguu Desemba 1933, kuelekea Istanbul, akiwa na miaka 18. Juzuu ya kwanza ya safari hiyo ilitoka 1977, ya pili 1986, na ya tatu 2013, miaka miwili baada ya yeye kufariki. Kumbuka hao wawili, tutawarudia.

Hatua ya kwanza: andika unachokumbuka kabla hujafungua chochote

Najua mkono unawasha kulifungua lile boksi la picha. Uzuie kwanza. Tenga siku tano, nusu saa kila siku, na uandike kwa mkono kila kinachokujia kuhusu safari ile. Anza kila aya na neno "Nakumbuka". Usipange tarehe, usitafute jina la mji lililokutoka. Ukikumbuka kitasa cha mlango wa chumba fulani na usikumbuke chumba kilikuwa nchi gani, andika kitasa.

Sababu ya kuanza hivi ni kwamba picha ina tabia ya kula kumbukumbu iliyo pembeni yake. Ukishaitazama picha ya daraja, daraja unalokumbuka kuanzia hapo ni lile la kwenye picha, kutoka upande ule ule, kwa mwanga ule ule. Mwanasaikolojia Linda Henkel aliwahi kuwatembeza wanafunzi kwenye jumba la makumbusho, vitu vingine wavitazame tu na vingine wavipige picha. Matokeo, yaliyochapishwa 2014, yalionyesha kwamba vile walivyovipiga picha walivikumbuka vibaya zaidi kuliko vile walivyovitazama tu. Kwa hiyo huenda sehemu iliyo hai zaidi ya safari yako ni ile ambayo hukuipiga picha kabisa, nayo inahitaji nafasi ya kujitokeza kabla picha hazijaingia na kutawala.

Jambo moja zaidi la kufanya kwenye hatua hii, na tafadhali usiliruke. Kila ukiandika kisa ambacho umewahi kuwasimulia watu mara nyingi, kiwekee nyota pembeni. Kisa kilichosimuliwa mara hamsini kimekuwa laini kama kokoto la mtoni. Mwanasaikolojia Frederic Bartlett alilionyesha hili tangu 1932: aliwapa watu hadithi ngeni kwao, akawataka waisimulie tena na tena, na kila usimulizi hadithi ilifupika, ikapoteza yale yasiyoeleweka, ikafanana zaidi na hadithi walizozizoea. Ndivyo tunavyovifanya visa vyetu wenyewe. Nyota haimaanishi kisa ni cha uongo. Inamaanisha kwamba kabla ya kukichapisha utakichunguza mara mbili.

Mimi nilikuwa na visa tisa vyenye nyota. Nitakusimulia kimoja kadiri tunavyoendelea, kwa sababu ndicho kilichonifundisha zaidi. Ni kisa cha mzee mmoja mpakani.

Hatua ya pili: kusanya ushahidi, na uupe kikomo

Sasa fungua boksi. Jipe wiki mbili tu za kukusanya, na uziandike kwenye kalenda, kwani hatua hii ni tamu na watu hupotelea humo. Kuchambua picha kunaonekana kama kuandika, na kunachosha kama kuandika, ila mwisho wa siku hakuna hata ukurasa mmoja.

Vitu vya kutafuta ni vingi kuliko watu wanavyodhani. Madaftari na picha, bila shaka. Pasipoti ya zamani, maana mihuri yake inakupa tarehe ya kuingia na kutoka kila nchi, na tarehe mbili za hakika zinatosha kupanga siku zote zilizo katikati. Tiketi, stakabadhi, ramani uliyoichorachora. Taarifa ya benki, kama ulitoa pesa njiani. Barua pepe ulizotuma. Na barua, postikadi au ujumbe uliowaandikia watu wa nyumbani: hizo hazipo kwako, zipo kwao, basi waombe. Mara nyingi barua uliyomwandikia mtu ina ukweli kuliko daftari lako, kwa sababu kwenye barua ulilazimika kueleza, na daftarini ulijiandikia wewe uliyekuwa unajua tayari.

Kuhusu picha za kidijitali, faili lenyewe hubeba tarehe na saa ya kupigwa, na kama zilipigwa kwa simu huenda likabeba pia mahali. Lakini angalia: kamera nyingi hazibadilishi saa zenyewe ukivuka kwenda nchi yenye saa tofauti. Tafuta picha moja ambayo ndani yake kuna saa inayoonekana, ya kituo cha treni kwa mfano, au picha ya tukio ambalo saa yake unaijua kwa hakika. Linganisha na saa iliyo kwenye faili. Tofauti utakayoipata, irekebishe kwa picha zote za kipande kile cha safari.

Kisha chora jedwali lenye safu nne: tarehe, mahali, ushahidi ulio nao, na ninachokumbuka mimi. Siku moja, mstari mmoja. Mistari mingine itabaki mitupu na wala isikusumbue. Siku zilizobaki tupu zina njia yake, nayo siyo kwenda kujaza mapengo kutoka intaneti.

Daftari langu la pili, kwenye siku ya mpaka ule, lina maneno haya tu: "J'nne. Mpakani saa 9 usiku. Ofisi imefungwa. Foleni. Mzee wa saa." Basi. Ukurasa unaofuata nimeandika bei za nauli. Miaka 14 nilikuwa nalalamika kwamba daftari langu halina kitu, kumbe maneno yale matatu, mzee wa saa, yalikuwa yanatosha. Nilipoyasoma tu nikausikia mkono wake ulivyonishika.

Kama umepoteza madaftari yako yote, endelea tu. Ibn Battuta anasema kwamba maandishi aliyoyanakili kwenye makaburi ya wanazuoni wa Bukhara yalipotea alipoporwa baharini huko India. Shajara moja ya Fermor ilibaki Romania alipoondoka, na ilimrudia mikononi 1965. Mmoja alisimulia, mwingine aliandika, wote kwa kilichobaki.

Hatua ya tatu: tafuta mhimili kwa sentensi tatu

Hapa ndipo vitabu vingi vya safari hufa, na hapa ndipo ningependa ukae muda mrefu zaidi.

Safari si kitabu. Safari ni mfululizo wa siku, na siku hazina sababu ya kufuatana zaidi ya kalenda. Msomaji ambaye hakuwepo hawezi kuvumilia "kisha tukaenda, kisha tukafika, kisha tukalala" kwa kurasa 200, hata kama kila mahali palikuwa pazuri. Anahitaji kitu kinachomvuta kutoka tukio moja hadi jingine, na kitu hicho ni swali ambalo wewe mwenyewe ulikuwa nalo, ulijue au usilijue.

Chukua karatasi tupu ukamilishe sentensi hizi tatu:

Niliondoka nikidhani kwamba...
Nilirudi nikidhani kwamba...
Leo naona kwamba...

Ziandike mara kumi, kwa majibu kumi tofauti. Majibu matatu ya mwanzo yatakuwa ya heshima, yale ambayo mtu angeyasema mbele ya wageni. "Niliondoka nikidhani dunia ni kubwa, nikarudi nikidhani watu ni walewale." Yaache yapite. Kuanzia jibu la sita hivi huanza kuuma. Langu lilikuja la nane: niliondoka nikidhani namsindikiza rafiki yangu, nikarudi nikidhani yeye ndiye aliyenisindikiza, na leo naona kwamba tulikuwa tunaagana, ingawa hakuna aliyejua.

Angalia sentensi ya tatu, ile ya leo. Hiyo nisingeweza kuiandika mwaka ule niliorudi, hata kama ningeandika kurasa elfu. Urafiki ulikuwa haujapoa bado. Hapo ndipo kuchelewa kunapolipa. Ukiona sentensi yako ya tatu haitofautiani na ya pili, basi hujafika: endelea kuandika majibu, au mweleze mtu unayemwamini safari yako kisha umuulize ni wapi sauti yako ilibadilika.

Ukishaipata, ibandike mbele ya meza yako. Kuanzia leo, tukio lolote lisiloigusa sentensi hiyo halina tiketi ya kuingia kitabuni, hata liwe la kusisimua namna gani.

Hatua ya nne: chagua matukio, uache siku

Kata vikadi. Kila kadi, tukio moja: mahali pamoja, wakati mmoja, mtu au watu, na kitu kilichobadilika kati ya mwanzo na mwisho wake. "Wiki tuliyokaa kando ya ziwa" si tukio. "Asubuhi niliyokuta mashuka ya kitanda chake yamekunjwa" ni tukio.

Ukifikisha kadi 60 au 70, zitandaze sakafuni na uondoe hadi zibaki 25. Utaumia. Zilizoondoka zitie kwenye bahasha, maana nyingine zitarudi kama sentensi moja ndani ya tukio jingine, na mara nyingi sentensi moja inazitosha.

Kwa nini 25? Kwa hesabu tu. Tukio moja la maneno 1,500, mara 25, ni maneno 37,500. Ongeza vipande vifupi vya kuunganisha na unakaribia 45,000, ambacho ni kitabu kizima cha safari. Ukiandika maneno 300 kwa siku, siku tano kwa wiki, unapata tukio moja kila wiki, na matukio yote 25 ndani ya miezi sita. Maneno 300 ni takriban mara mbili ya aya hizi tatu za hatua hii. Yanaandikika kabla watu wa nyumba hawajaamka.

Na si lazima kiwe kitabu. Simulizi ya Selim bin Abakari ya safari yake ya Urusi na Siberia ya mwaka 1896, mojawapo ya maandishi ya mwanzo ya safari katika nathari ya Kiswahili, ilichapishwa 1901 ikiwa sehemu tu ya mkusanyiko wa Carl Velten, mtaalamu Mjerumani wa Kiswahili, pamoja na safari za watu wengine. Ikiwa baada ya kuchuja unabaki na kadi sita zenye nguvu, andika hizo sita. Simulizi ya maneno 9,000 iliyokwisha ina faida kuliko kitabu kilichobaki kichwani.

Hatua ya tano: rasimu ya kwanza

Usianze na kuondoka. Nimeshakwambia sura yangu ilivyokufa kituoni mara saba. Kuondoka ni mwanzo wa safari, na kitabu kina mwanzo wake. Chukua ile kadi ambayo ukiitazama moyo unaenda mbio, anza nayo, hata kama ni ya siku ya 31. Ya pili, chagua vilevile. Mpangilio utajulikana baadaye, ukiwa na cha kupanga.

Andika mahali pamoja, saa moja ileile. Acha kila siku ukiwa bado unajua sentensi inayofuata, ili kesho usikae mbele ya ukurasa mtupu. Ukikwama kwa jina la mtaa au tarehe, andika ANGALIA kwa herufi kubwa na usonge mbele. Ukienda kuitafuta saa hiyo hiyo, utarudi baada ya saa mbili ukijua idadi ya wakazi wa mji ule na bila aya.

Kama mkono umegoma kabisa, sema. Ibn Battuta alisimulia. Marco Polo, aliyeondoka Venice 1271 na kurudi 1295, naye alimsimulia mfungwa mwenzake, Rustichello wa Pisa, gerezani Genoa, na kitabu kikazaliwa hivyo. Simu yako inarekodi sauti. Weka kadi moja mbele yako, mwite mtu mmoja akilini, mtu halisi unayempenda ambaye hakuwepo, na umsimulie yeye kwa robo saa. Ukiyanakili maneno hayo kwenye karatasi utapata zaidi ya maneno elfu moja, mengi ya kutupa, lakini sauti yako itakuwemo. Walioshindwa kuandika kwa miaka mara nyingi wameshindwa kwa sababu wakikaa mezani wanabadilika na kuwa mtu rasmi.

Sasa nikuonyeshe kwa karibu. Rasimu yangu ya kwanza ya tukio la mpakani ilikuwa hivi:

"Tulifika mpakani usiku sana na tulikuwa tumechoka. Ofisi ilikuwa imefungwa. Kulikuwa na mzee mmoja wa ajabu aliyevaa saa nyingi. Nilijifunza kwamba maisha ni kungoja."

Sentensi nne, na msomaji haoni kitu. Amechoka vipi? Saa ngapi? Na ile sentensi ya mwisho inamfunga mdomo kabla hajahisi lolote. Rasimu ya tatu:

"Dereva alizima injini saa 9 usiku, na ukimya ulikuja kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Dirisha la ofisi lilikuwa na kufuli. Nilikaa juu ya mzigo wangu karibu na mzee aliyekuwa ameshakunjua mkono wa shati hadi kwenye kiwiko. Saa tatu, zimepangana. Alipoona natazama alinishika mkono, akauleta karibu. Hii ni ya mwanangu mkubwa, akasema, saa hizi kwake kumekucha. Hii ya mdogo wake. Ya tatu ilikuwa imesimama. Sikuuliza, naye hakuiruka: alikigusa kioo chake kwa kidole, kama anavyoguswa mtoto aliyelala, akaushusha mkono wa shati. Rafiki yangu alikuwa amesimama upande wa pili wa mzee, akitutazama, na hakusema kitu hadi kulipopambazuka."

Tofauti haiko kwenye maneno makubwa, maana hayapo. Iko kwenye kufuli, kiwiko, kidole. Na mstari wa mwisho unamleta rafiki, ndiye mhimili wangu. Bila yeye kisa hiki kingekuwa kizuri na kingebaki bahashani.

Jambo la mwisho kuhusu rasimu. Utakuwa na "mimi" wawili: aliyesafiri na anayekumbuka. Wape wote nafasi, ila usiwachanganye ndani ya sentensi moja. Msafiri aone, aumie, akosee kwa ujinga wake wa wakati ule. Anayekumbuka aje baadaye, kwa ufupi, aseme anachokijua leo. Ukimfanya kijana wa miaka 24 awe na hekima ya mtu wa miaka 38, msomaji atajua unamdanganya.

Hatua ya sita: ukweli na watu wa watu

Mazungumzo ya miaka mingi iliyopita huwezi kuyanukuu neno kwa neno, na hakuna anayetarajia hivyo. Unachowajibika nacho ni maana na namna mtu alivyosema. Pale usipokumbuka, eleza tu kwamba walizungumza, bila alama za kunukuu. Usiwaunganishe watu wawili kuwa mmoja. Najua wapo wanaofanya hivyo, lakini mimi nikisoma kitabu na kugundua hilo, sirudi tena kuamini lolote lililomo.

Watu binafsi uliokutana nao hawakujua kwamba unaandika. Badilisha jina, na kama kisa ni cha aibu kwao badilisha pia mji au kazi, kisha sema mwanzoni mwa kitabu kwamba umefanya hivyo. Kama mtu anaweza kujitambua, na ulichoandika kinaweza kumletea madhara, mtafute umwombe ruhusa au ukitoe. Sheria za kuchafuliana jina hutofautiana nchi kwa nchi, basi penye tuhuma nzito pata mwanasheria kabla ya kuchapisha.

Na yale mapengo ya kwenye jedwali? Hapa Ibn Battuta anatupa onyo. Wachunguzi wamegundua kwamba sehemu za maelezo ya miji kama Damasko na Makka katika simulizi yake zimechukuliwa kutoka kwa Ibn Jubayr, msafiri aliyemtangulia kwa zaidi ya karne. Wakati ule ilivumilika. Wewe, pengo liache liwe pengo. "Siku nne zilizofuata sina nilichoandika wala ninachokumbuka, isipokuwa sauti ya mvua juu ya bati." Sentensi ya namna hiyo ina ukweli kuliko kurasa tano za maelezo ya mji ulizozitoa kwenye ensaiklopidia. Vilevile usihangaike kuongeza yaliyobadilika tangu wakati ule. Taja mwaka uliosafiri mapema kabisa, na msomaji ataelewa kwamba hoteli huenda haipo.

Hatua ya saba: kuhariri

Rasimu ikiisha, ifungie wiki nne. Kisha ichape kwenye karatasi na uisome kwa sauti, kalamu mkononi, bila kompyuta karibu. Pale ulimi unapojikwaa, pana tatizo. Pale unaporuka mstari kwa haraka, futa. Kurasa za mwanzo zitazame kwa ukali zaidi. Mara nyingi kitabu kinaanza kweli ukurasa wa nane, na saba za mwanzo zilikuwa za kukupasha moto wewe.

Sasa ndipo uyashughulikie yale ANGALIA yote kwa mkupuo mmoja, siku mbili au tatu, na urudi kwenye visa vyenye nyota. Vitu vingi vinathibitika kwa urahisi ajabu: siku ya wiki ya tarehe fulani, saa za jua kuzama, na mwezi. Mwandamo wa mwezi wa tarehe yoyote iliyopita unajulikana kwa hesabu.

Katika rasimu yangu, mzee wa saa alikaa chini ya mbalamwezi. Nilikuwa nimewasimulia watu mbalamwezi ile kwa miaka. Nilipotazama tarehe, mwezi ulikuwa haujaandama. Usiku ule ulikuwa giza tupu. Nilikasirika, nikadhani tarehe ya daftari ina kosa, nikarudi kwenye picha. Ipo moja ya usiku ule, nyeusi yote, isipokuwa taa mbili za lori kwenye kona. Kumbe mwanga ulioangukia vioo vya saa zile ulitoka kwenye lori lililokuwa likingoja nyuma yetu, injini ikinguruma. Nikafuta mbalamwezi, nikafuta na ule ukimya nilioupenda. Tukio likawa gumu zaidi na zuri zaidi: mzee alilazimika kuinua sauti, na saa ile iliyosimama aliigusa kwa sababu juu yake hapakuwa na la kupigia kelele.

Hatua ya nane: wasomaji wawili

Wape rasimu watu wawili tu, na wawe hawa: mmoja ambaye hajawahi kufika huko, na mmoja aliyekuwepo. Asiyefika mwombe aweke alama kila alipochoka na kila alipopotea. Usimwombe ushauri wa namna ya kurekebisha, hiyo ni kazi yako. Baada ya wote wawili ndipo utafute mhariri wa kulipwa, kisha mchapishaji, au ukichapishe mwenyewe. Weka nakala tatu za faili, mojawapo isiwe ndani ya nyumba unamoishi, na yale madaftari yapige picha ukurasa kwa ukurasa.

Aliyekuwepo ni mgumu zaidi. Nilikuwa sijazungumza na rafiki yangu kwa miaka sita. Nilimtumia tukio la mpakani peke yake, na maneno mawili ya salamu. Alijibu baada ya siku kumi na moja. Alisema lori analikumbuka, na kwamba lilikuwa na mbuzi. Alisema hakujua kwamba mimi nilimwona akisimama pale. Na alisema mzee alikuwa na saa mbili. Alikuwa karibu kuliko mimi, alizihesabu, na zote mbili zilikuwa zinatembea.

Nilikaa na barua ile wiki nzima. Kisa kilikuwa na nyota tangu siku ya kwanza. Daftari halitaji idadi. Saa iliyosimama ndiyo iliyowafanya watu wanyamaze kila niliposimulia, na kitu kinachowanyamazisha watu kila mara ndicho cha kutiliwa shaka. Lakini bado naiona, na kidole chake bado nakiona.

Kitabuni sasa aya ile inaendelea hivi: "Nakumbuka saa tatu. Rafiki yangu anakumbuka mbili, na yeye ndiye aliyekuwa karibu. Nimemuuliza kama anakumbuka mzee akigusa kitu kwa kidole kabla ya kushusha mkono wa shati. Anakumbuka. Hajui aligusa nini."